Chawa wa kichwani: namna ya kuwatafuta, kuwatoa na kuhakikisha hawarudi

Binti wa kaka yangu alirudi likizo ya Desemba kutoka shule ya bweni akiwa amefunga kitambaa kichwani, na hakukivua hata wakati wa kulala. Siku ya tatu nikamwita nimsuke. Akakataa. Mtoto ambaye tangu ana miaka 4 hunifuata na chanuo mkononi, leo hataki kusukwa! Nikatandika mkeka barazani, nikamkalisha kichwa kikiwa katikati ya magoti yangu, nikafungua kitambaa. Nilipotenga nywele nyuma ya sikio la kushoto nikaona: vitu vidogo kama punje za mchanga vimeng'ang'ania nywele karibu kabisa na ngozi, na chawa mmoja wa kijivu akikimbilia kivulini. Machozi yalikuwa yameshamtoka kabla sijasema neno.

"Shangazi, usimwambie mama. Atasema mimi mchafu."

Mimi ni msusi, miaka 18 sasa nashika vichwa vya watu, na maneno hayo nimeyasikia kwa watoto, kwa wanafunzi wa chuo, hata kwa mama mtu mzima aliyeletwa na dereva wake. Aibu ndiyo inayowaeneza chawa. Mtu anaficha, na huku anaficha analala kitanda kimoja na mdogo wake. Kwa hiyo tuanzie hapo: chawa wa kichwani hawatokani na uchafu. Kichwa kilichooshwa asubuhi hii kina damu na joto sawasawa na ambacho hakijaoshwa wiki nzima, na chawa hahitaji zaidi ya hayo.

Jambo la pili, na ndilo lililonifanya niandike. Watu wananunua dawa, wanapaka mara moja, wanapumzika wiki moja, kisha wanakuja kuniambia dawa ni feki. Mara nyingi dawa haina kosa. Kilichokosekana ni kitana na hesabu ya siku.

Mdudu mwenyewe

Chawa wa kichwani ana miguu 6, na kila mguu unaishia kwenye ukucha uliopinda kama ndoano, wa kushikia unywele. Akikomaa ana urefu wa milimita 2 hadi 3, sawa na punje ya ufuta. Hana mabawa, wala hachupi kama kiroboto. Anatembea tu, lakini kwenye nywele anatembea hasa: zaidi ya sentimita 20 kwa dakika moja. Ndiyo maana unaweza kufungua kichwa chenye chawa na usimwone hata mmoja, maana mwanga ukimfikia anahama.

Chakula chake ni damu, mara kadhaa kwa siku. Akianguka kutoka kichwani, akakosa damu na lile joto la ngozi, hufa ndani ya siku 1 au 2. Akiwa kichwani, jike huishi karibu mwezi mmoja na huweza kutaga hadi mayai 8 kwa siku. Kila yai hubandikwa peke yake kwenye unywele, karibu na ngozi ili lipate joto, kwa gundi ambayo maji na sabuni haviiyeyushi.

Kichwa cha kawaida chenye chawa hakina mamia ya chawa. Mara nyingi wadudu hai hawafiki 20, wakati mwingine hawazidi 10. Kinachotisha macho ni mayai na maganda yake.

Sasa kuwashwa. Kinachowasha ni mate ya chawa, ngozi inapoanza kuyakataa. Kwa mtu anayepata chawa mara ya kwanza, mwili unaweza kuchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kulalamika. Maana yake ni kwamba siku mtoto anapoanza kujikuna, huenda amekaa nao mwezi mzima, na waliolala naye mwezi huo nao wanaweza kuwa nao bila kuhisi lolote. Binti wetu alisema kichwa kilianza kumwasha wiki ya mitihani. Tulipohesabu pamoja, tukagundua alikuwa amewapata muda mrefu kabla ya hapo.

Wanavyohama

Njia kubwa ni moja: kichwa kugusana na kichwa. Watoto wanaolala kitanda kimoja, wasichana wanaosukana ngazini jioni, wanaoinamia simu moja kuangalia picha, mama anayemlaza mwanawe begani. Unywele ukigusa unywele, chawa anavuka kama anayevuka daraja.

Mtandio, kofia, chanuo, mto na wigi vinaweza kumbeba, lakini ni mara chache zaidi, kwa sababu chawa mwenye afya hauachii unywele ovyo. Anayeonekana kwenye mto mara nyingi ni mgonjwa au anakufa. Hawatoki kwa paka, mbwa wala mbuzi. Chawa wa mnyama ni wa mnyama, wa mtu ni wa mtu. Kufunga ushungi hakuzalishi chawa, na kuogelea hakuwaondoi, maana majini hukaza tu kucha zao kwenye nywele.

Wengine huniambia nywele za kipilipili haziingii chawa. Ni kweli kwamba Marekani wameonekana mara chache zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na inadhaniwa umbo la unywele ndilo sababu. Lakini kuonekana mara chache si kutokuwepo. Nimewatoa kwenye nywele za singa, za mawimbi na za kipilipili, na kwenye kipilipili ndiko wanakochelewa kugundulika kwa sababu hakuna anayewatafuta huko.

Kwanza hakikisha ni chawa

Usinunue dawa kwa sababu mtoto anajikuna. Mba huwasha. Ukurutu huwasha. Mapunye hukatikisha nywele na kuacha duara lenye magamba. Mafuta mazito yakichanganyika na vumbi huacha chembe nyeupe zinazofanana sana na mayai.

Jaribio langu ni la vidole viwili. Shika ile chembe nyeupe, ivute kuelekea ncha ya unywele. Mba na mafuta vitateleza au vitapukutika. Yai la chawa halitikisiki. Utalazimika kulikokota kwa kucha. Yai lenye uhai lina rangi ya kahawia au ya mchanga, na liko karibu na ngozi, ndani ya milimita 6 hivi. Ganda tupu ni jeupe na linang'aa. Kwa kuwa nywele hurefuka takriban sentimita 1 kwa mwezi, yai ulilolikuta mbali zaidi ya sentimita 1 kutoka kwenye ngozi karibu kila mara limeshaanguliwa au limekufa. Mayai ya mbali peke yake hayatoshi kuanza dawa. Unachotafuta ni chawa anayetembea.

Anzia nyuma ya masikio na kisogoni, pale nywele zinapoishia shingoni. Huko ndiko kwao. Kaa penye mwanga wa jua, si chini ya taa ya chumbani.

Hesabu ya siku

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ukielewa hesabu hii hutahangaika tena.

Yai likitagwa leo, litaanguliwa baada ya siku 6 hadi 9. Mtoto wa chawa anayetoka humo anahitaji siku nyingine kama 9 hadi 12 kukua ndipo aweze kutaga. Dawa nyingi huua wanaotembea lakini mayai huyaacha, yote au baadhi. Ukipaka leo, wakubwa wote wakafa, bado kuna mayai. Wiki ijayo yanaanguliwa. Usipofanya chochote, watoto hao wanakomaa, wanataga, na mwezi ujao uko palepale ulipoanzia, huku unamlaumu mwenye duka la dawa.

Lakini kati ya kuanguliwa na kutaga kuna zaidi ya wiki nzima. Huo ndio mlango wako. Ukiwakamata wote katika muda huo, mnyororo unakatika. Kwa hiyo dawa hupakwa mara ya pili siku ya 9 hivi, na kitana hupitishwa siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13. Siku ya 17 unakagua mara ya mwisho. Ukianza Jumamosi, utachana tena Jumatano, Jumapili ya wiki inayofuata, halafu Alhamisi, na ukaguzi wa mwisho utakuwa Jumatatu. Mimi huandika tarehe hizo kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani, kwa sababu kichwa kikiacha kuwasha, kila mtu nyumbani husahau.

Kuchana kwa kitana

Chanuo haliwezi kazi hii. Unahitaji kitana chenye meno yaliyobanana hasa, nafasi kati ya jino na jino isizidi milimita 0.3. Vya chuma vyenye meno marefu ni bora kuliko vya plastiki, kwa kuwa plastiki hupinda na chawa akapita. Ni chombo cha kale sana. Lakishi, nchini Israeli, kulifukuliwa kitana cha pembe ya ndovu cha miaka kama 3,700 iliyopita, na mwaka 2022 wataalamu wakatangaza kwamba kina maandishi: dua kwamba pembe hiyo ing'oe chawa wa nywele na ndevu. Kitana chenyewe kilikuwa na meno mazito upande mmoja na membamba upande wa pili, kazi ileile tunayoifanya leo kwa vyombo viwili.

Andaa kitana, chanuo, kitambaa cheupe au karatasi ya chooni, bakuli la maji ya moto yenye sabuni, vibanio vya nywele, na kondishena ya kawaida. Ya bei ndogo inatosha, maana utaimaliza nyingi.

Kama nywele zimesukwa, fumua zote. Najua inauma, hasa kama rasta ni za wiki iliyopita na zililipiwa. Lakini mayai yako kwenye mashina ya nywele ndani ya msuko, na kitana hakipiti juu ya twende kilioni.

Osha nywele kwa shampuu, suuza, kisha paka kondishena nyingi hadi kila unywele utereze. Maji pamoja na kondishena humfanya chawa atulie asikimbie. Fumbua mafundo kwa chanuo kwanza, ukianzia kwenye ncha na kupanda juu. Halafu gawa kichwa katika mafungu. Kwa nywele za singa mafungu 6 hadi 8 yanatosha. Kwa kipilipili nafanya mafungu 16 au zaidi, kila moja lisilozidi upana wa vidole viwili, naongeza kondishena, na kulinyoosha kwa mkono wa kushoto huku kitana kikipita kwa mkono wa kulia.

Weka meno ya kitana yaguse ngozi ya kichwa kabisa, kisha vuta hadi mwisho wa nywele bila kukatisha. Pangusa kitana kwenye kitambaa cheupe. Tazama. Rudia fungu hilohilo mara 4 au 5, ukibadilisha upande: kutoka juu, kutoka chini, kulia, kushoto. Funga fungu kwa kibanio, nenda lingine. Ukimaliza kichwa kizima, suuza kondishena, kisha pitisha kitana tena kichwa chote mara moja zaidi. Nywele fupi zitakuchukua dakika 10 hadi 20. Nywele ndefu na nzito ni saa nzima au zaidi, kwa hiyo mpe mtoto kitu cha kutazama na mpumzishe katikati.

Kwa binti yetu, kitambaa cha kwanza kilitoka na chawa 9 na mayai mengi. Kile cha Jumatano kilikuwa na wadogo watatu, wembamba kama kipande cha uzi. Alitaka kuwaona. Nikamwonyesha namna ya kumvunja kati ya kucha mbili za gumba, kama bibi yangu alivyonionyesha mimi, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wahenga, na nyumbani kwenye chawa maneno hayo yachukuliwe kama yalivyo. Kila anayelala humo anakaguliwa siku hiyohiyo: baba, dada wa kazi, mgeni, bibi. Wanaokutwa nao wote wanaanza pamoja. Asiye nao hapakwi dawa; anakaguliwa tena wiki ijayo.

Dawa

Kuchana peke yake kunaweza kumaliza chawa, ukiwa na subira ya kutoruka hata siku moja. Kwa mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mchanga ndiyo njia ninayoipendelea, na kwa mtoto wa chini ya miezi 2 usitumie dawa yoyote ya chawa, ni kitana tu. Wengine wanaweza kuongeza dawa.

Inayopatikana zaidi ni permethrini ya asilimia 1 ya kupaka kichwani. Ni ndugu wa kutengenezwa maabara wa sumu ya ua la pareto, lile linalolimwa Nakuru na Mafinga. Mwenye mzio wa pareto amwambie mfamasia kabla ya kununua. Osha nywele kwa shampuu isiyo na kondishena, kwa sababu kondishena hufunika unywele na dawa isishike. Kausha kwa taulo, nywele zibaki na unyevu kidogo. Paka dawa hadi ngozi ya kichwa na nywele zote zilowe, hasa kisogoni na nyuma ya masikio, huku mtoto ameziba macho kwa kitambaa. Subiri dakika 10 kwa saa, usikadirie. Suuza juu ya beseni kwa maji yasiyo ya moto, mtoto akiwa ameinama ili dawa isimtiririkie mwilini. Kisha pitisha kitana. Usioshe tena kwa shampuu siku 1 au 2. Rudia siku ya 9. Soma umri na kiasi kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi, na hakikisha umepewa ya asilimia 1 ya kichwa, si ile ya asilimia 5 ya upele.

Baada ya saa 8 hadi 12 kagua. Wakionekana wachache wanaotembea kwa uvivu, dawa inafanya kazi, endelea na kitana. Wakiwa wanakimbia kama jana, wamezoea dawa hiyo. Usugu huu upo katika nchi nyingi, na kupaka zaidi au kila siku hakusaidii. Badilisha aina ya dawa kwa ushauri wa mfamasia.

Dimetikoni ni mafuta ya silikoni yanayomziba chawa, si sumu ya mishipa ya fahamu, kwa hiyo usugu wa permethrini hauihusu. Nyingi huachwa kichwani saa 8 au usiku mzima na kurudiwa baada ya siku 7. Zipo zinazoshika moto, basi kaa mbali na jiko, mshumaa na sigara hadi uzioshe. Malathioni ya asilimia 0.5 pia hushika moto upesi, na si ya watoto wadogo. Ile dawa nyeupe ya upele tunayoijua kama BBE hutumiwa na baadhi ya watu kwa chawa. Kichwa kilichochubuka kwa kukunwa inakiunguza vibaya, na kwa watoto lazima iongezwe maji kwa kipimo cha mtaalamu. Mimi si chaguo langu.

Ivermektini ya kumeza, ambayo wengi wameimeza kwenye kampeni za matende na usubi, hutolewa na daktari kwa chawa waliogoma, kwa kipimo cha uzito, na hurudiwa baada ya siku 7 hadi 10. Haipewi mtoto wa chini ya kilo 15 wala mjamzito. Ndugu zetu wa Kongo, wale wa maeneo ya misitu yenye minyoo ya loa loa, wamwambie daktari wanakotoka, kwa sababu mwenye minyoo hiyo kwa wingi anaweza kudhurika ubongo akiimeza. Na ivermektini ya ng'ombe ibaki kwa ng'ombe.

Visivyopakwa kichwani mwa mtoto

Mafuta ya taa. Petroli. Dawa ya kupuliza mende na mbu. Dawa ya josho. Dawa ya kunyunyizia nyanya shambani. Naandika haya kwa uchungu, kwa maana bado nasikia mama akimwambia mwenzake jirani na kiti changu kwamba "mafuta ya taa kidogo tu, unafunga na mfuko." Mafuta ya taa huunguza ngozi, mvuke wake huingia mapafuni, na cheche moja ya jiko hugeuza kichwa cha mtoto kuwa utambi. Dawa za shambani na za mifugo hupenya kwenye ngozi, na kwenye ngozi iliyochubuka kwa kukunwa hupenya zaidi. Mtoto akishapakwa kisha akatokwa na mate mengi na jasho, mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano, akatapika au misuli ikamchezacheza, hiyo ni sumu. Mvue nguo, muoshe kwa maji mengi na sabuni, kimbilia hospitali na chupa ya dawa mkononi.

Usimfunge mtoto mfuko wa plastiki kichwani, kwa dawa yoyote ile. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa kuterezesha kitana, na bibi zetu walifanya vyema kuyatumia hivyo, lakini hayaui mayai. Siki haiyeyushi ile gundi. Mafuta ya mwarobaini yasimezwe na mtoto hata tone.

Kunyoa ni dawa ya kweli, bila unywele hakuna pa kushika. Kwa mtoto wa kiume ni kazi ya dakika tano, wembe ukiwa mpya. Lakini msichana wa miaka 13 ukimnyoa kwa nguvu mbele ya wenzake kwa sababu ya chawa, umewatoa chawa ukamwachia kidonda kingine. Muulize kwanza. Mpe nafasi ya kitana.

Nyumba, saluni na shule

Nyumba haihitaji kupulizwa. Chukua shuka, foronya, mitandio na nguo alizotumia siku 2 zilizopita, fua kwa maji ya moto ya nyuzi 60, anika juani, piga pasi. Vitana na machanuo yakae kwenye maji ya moto hivyo dakika 10. Wigi, rasta alizofumua na mdoli wa mtoto, visivyofulika, vitie kwenye mfuko, ufunge vizuri, uache wiki 2. Basi. Nguvu iliyobaki ipeleke kichwani.

Kwa wasusi wenzangu: ukikuta chawa, usiite mtu kuja kutazama. Inama, mwambie mteja sikioni, mweleze arudi baada ya siku 17. Usimsuke, maana utamfungia mayai ndani. Badilisha taulo, tia vyombo vyako kwenye maji ya moto kabla ya kichwa kinachofuata. Mteja niliyemtunzia siri hajawahi kuniacha.

Kwa walimu na matroni: mtoto mwenye chawa hana sababu ya kufukuzwa darasani. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinapinga kabisa kuwazuia watoto shule kwa sababu ya mayai ya chawa, na huduma ya afya ya Uingereza nayo haiwataki wabaki nyumbani. Ndugu walioko huko wakipokea barua ya shule kwenye begi la mtoto wasidhani wamelengwa wao. Marekani pekee hukadiriwa maambukizi kati ya milioni 6 na 12 kwa mwaka kwa watoto wa miaka 3 hadi 11. Bwenini, ukaguzi ufanywe faraghani, mmoja mmoja, na waliolala kitanda kimoja wakikutwa nao waanze dawa siku moja.

Chawa wa mwilini ni habari nyingine

Wapo wanaoishi kwenye mishono ya nguo na kupanda mwilini kula tu. Hawa huja pale watu wasipopata nguo za kubadilisha wala maji ya kufulia: vitani, magerezani, makambini. Wao ndio hueneza homa hatari ya taifasi, jambo ambalo Charles Nicolle alilithibitisha Tunis mwaka 1909 na likampa Tuzo ya Nobel ya 1928. Burundi iliyaonja hayo katika miaka ya 1990, homa hiyo ilipopita kwenye magereza na kambi za waliokimbia vita, maelfu kwa maelfu wakaugua, na wenyeji wakaiita sutama. Dawa ya chawa hao ni nguo safi, kufuliwa kwa maji ya moto au kuchemshwa. Chawa wa kichwani hajulikani kueneza homa hizo, na mwenye naye asitishwe kwa habari hii.

Lini uende hospitali

Vidonda vyenye usaha au magamba ya rangi ya asali kichwani, tezi zilizovimba na kuuma kisogoni, homa, au chawa ambao wamebaki hai baada ya mizunguko miwili iliyofanywa sawasawa. Chawa au mayai kwenye kope za mtoto pia ni kazi ya daktari: usipake dawa ya kichwa karibu na jicho, na mpeleke mapema, kwa sababu huwa ni chawa wa aina nyingine na daktari atahitaji kujua mtoto amewapata wapi.

Mama yake tulimwambia siku ileile, mimi na binti pamoja. Hakusema neno la uchafu. Alikaa mkekani akainamisha kichwa chake nikakikagua, nikamkuta naye anao wawili. Siku ya 17 nilipitisha kitana kwa wote, kitambaa kikatoka cheupe. Yalibaki maganda machache mbali na ngozi, nikayakokota kwa kucha kwa ajili ya macho ya watu tu. Shule ilipofunguliwa nilimsuka mabutu sita, nikamtilia kitana cha chuma kwenye mfuko wa mswaki, na akaniomba cha pili kwa ajili ya rafiki yake wanayelala naye kitanda cha juu.